Safari Isiyo na Msiba Wala Harusi

Kwetu Mpanda, mtu akionekana stendi alfajiri na begi mkononi, swali la kwanza ni, "Kuna nini?" Anayeuliza hana ubaya. Anataka kujua nani amefariki, nani amelazwa, nani anaolewa, ili ajue kama atoe pole au hongera. Tunakwenda Sumbawanga kuzika. Tunapanda treni kwenda Tabora kumfuata mgonjwa au mzigo. Reli yenyewe ya kutoka Kaliua hadi Mpanda haikujengwa kwa ajili ya watu wanaotaka kutembea. Waingereza waliileta baada ya Vita Kuu ya Pili kwa sababu ya madini ya risasi ya Uruwira. Safari kwetu lazima iwe na shughuli, na isiyo na shughuli hatuna hata jina la kuipa.

Ndiyo maana katika usharika mmoja wa mkoa wetu maneno yalikuwa mengi pale mwalimu wa shule ya msingi na mke wake walipoondoka kwenda Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, wakakaa siku tatu, wakarudi bila msiba, bila mgonjwa na bila hata ndoo ya dagaa. Ilikuwa likizo fupi ya Septemba. Mahindi yalikwisha kuuzwa, mvua zilikuwa bado. Watoto waliachwa kwa bibi yao. Wale wawili walilala gesti, wakatembea mchangani, wakala migebuka, wakaangalia jua likizama upande wa Kongo. Basi. Mke ni mama lishe karibu na soko, na wana miaka kumi na minane ya ndoa. Wazee wa kanisa walituuliza: je, Mkristo anaruhusiwa kufanya hivi, wakati kanisa halijaezekwa na bahasha za ahadi hazijarudi zote?

Swali hili tumelichukua kwa uzito kuliko waliotuuliza walivyotarajia, nasi tunaliandikia hapa kwa sababu tunaamini linagusa nyumba nyingi.

Tuanze na lawama nyepesi, ile iliyosema kwamba huu ni uzungu. Kwamba kwenda ufukweni mume na mke kupunga upepo ni desturi ya Ulaya, inayotufikia kwa simu na televisheni. Ni kweli Waingereza wanajulikana kwa desturi hiyo. Mwaka 1789 mfalme wao George wa Tatu, akiwa ametoka katika ugonjwa, alikwenda kupumzika mji wa pwani wa Weymouth, na matajiri wakamfuata. Karne iliyofuata reli zilianza kuwabeba hata wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Lancashire kwenda Blackpool, wiki moja kwa mwaka kiwanda kikiwa kimefungwa. Wengi wao hawakulipwa kwa wiki ile. Walidunduliza mwaka mzima ili waione bahari. Sheria ya Bunge lao kuhusu likizo yenye malipo ilikuja mwaka 1938 tu. Hadi leo wazee wengi wa kule hupenda kwenda pwani kwa siku mbili tatu wakati majani ya miti yanapopukutika, watoto wakiwa wamerudi shule na vyumba vikiwa vimeshuka bei. Sasa, mtu anayetazama habari hii kwa makini ataona kwamba kilichotakiwa na yule mfuma pamba hakikuwa rangi ya ngozi yake. Alitaka kuondoka kidogo kwenye kelele ya mashine. Mama aliyesimama mbele ya mafiga tangu saa kumi alfajiri hahitaji kufundishwa na Mwingereza kwamba mgongo unauma.

Lawama ya pili ilikuwa ya aibu, kwamba watu wazima wenye watoto wa sekondari wanajifanya vijana. Hii hatutaijibu kwa maneno mengi. Torati, katika Kumbukumbu 24:5, inamwachilia mume mpya asiende vitani mwaka mzima ili amfurahishe mke wake. Na Mhubiri 9:9 inamwagiza mwanamume aishi kwa furaha na mke ampendaye siku zote za maisha yake, sio siku za ujana peke yake. Sisi tunaofungisha ndoa kila mwaka baada ya mavuno tunajua pia ni nini hutokea kwa wanandoa ambao kwa miaka kumi na minane hawajawahi kuzungumza jambo lisilohusu ada, mbolea au mgonjwa. Huja ofisini kwetu wakiwa wamekaa viti viwili, kila mmoja akitazama ukuta wake.

Lawama ya tatu, ya fedha, ndiyo nzito. Mabati. Kanisa lile lina kuta na halina paa, na masika ya pili inakuja. Je, nauli ya Karema, chumba na samaki havikuwa mabati matatu au manne?

Hapa tunawaomba wasomaji wafungue Kumbukumbu la Torati sura ya 14 na kusoma kuanzia mstari wa 22 hadi mwisho. Sheria iliagiza zaka ya mavuno ipelekwe mahali ambapo Mungu angepachagua. Lakini ilijua kuna watu wanaokaa mbali. Mtu ambaye njia ilikuwa ndefu kwake aliruhusiwa kuuza mavuno yale, kuzifunga fedha, kusafiri, na akifika kununua kitu chochote ambacho roho yake ilikitamani: ng'ombe, kondoo, hata kinywaji. Ale mbele za Bwana, yeye na jamaa yake, wafurahi. Hiyo ni zaka! Tumesikia mahubiri mengi ya utoaji katika miaka yetu ya utumishi, na karibu yote yametoka Malaki sura ya tatu. Mistari hii ya Torati husomwa kwa nadra sana. Tunadhani tunajua sababu. Sisi wachungaji tunaishi kwa sadaka, na katika kesi ya mabati dhidi ya migebuka tuna maslahi yetu. Msomaji atupime kwa kulijua hilo.

Lakini tusikate sura katikati, kama wanavyofanya wanaopenda mstari mmoja. Mstari unaofuata unasema Mlawi asisahauliwe. Na baada ya hapo, kila mwaka wa tatu, zaka inabaki malangoni pa mji kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane, wale mpaka washibe. Torati iliweka vyote viwili katika hesabu moja: safari ya furaha ya nyumba, na shibe ya asiye na shamba. Haikumwambia mkulima asubiri mpaka maskini waishe nchini ndipo ale na mke wake. Wala haikumruhusu ale tu, mwaka nenda mwaka rudi.

Kwa hiyo tuliwajibu wazee kwamba swali lao la ahadi ni halali, ila limeelekezwa kwa watu wasiostahili. Mwalimu yule alikuwa amekwisha kurudisha bahasha yake. Na hata kama asingekuwa amerudisha, tungewauliza mbona hatujawahi kuhesabu mabati kwenye sare za harusi, au kwenye mapochopocho ya sherehe za kipaimara ambazo familia huzikopea hadi kwenye vikoba. Fedha ikitumika mbele za watu mia tatu tunaiita heshima. Ikitumika na watu wawili kimya kimya tunaiita ubadhirifu.

Tatizo lenyewe, kwa maoni yetu, liko kwingine, na wazee hawakulitaja.

Katika Katekisimo Ndogo watoto wetu hujifunza Amri ya Tatu, ya kuitakasa siku ya kupumzika, na tunawafundisha, kama Luther alivyofundisha, kwamba kiini chake ni kulisikia Neno la Mungu na kuliheshimu. Ni sawa. Lakini katika Katekisimo Kubwa Luther alianza na jambo ambalo halifiki mara kwa mara kwenye madarasa ya kipaimara. Alisema siku ya mapumziko inashikwa kwanza kwa sababu ya mwili, kwa ajili ya watu wa kawaida, watumishi wa kiume na wa kike waliofanya kazi wiki nzima, ili nao wapumue. Na mwaka 1530, alipokuwa amejificha kwenye ngome ya Coburg na rafiki yake Melanchthon akijitesa kwa kazi ya kuandaa Ungamo la Augsburg, alimwandikia akimsihi autunze mwili wake, akimwambia kwamba Mungu huheshimiwa hata kwa kupumzika. Tunapenda kuikumbuka barua hiyo kwa sababu Luther mwenyewe hakuwa hodari wa kuifuata.

Ukirudi kwenye amri yenyewe, Kumbukumbu 5:14, utakuta orodha ya wanaopaswa kupumzika: wewe, mwana wako, binti yako, mtumishi wa kiume, mtumishi wa kike, ng'ombe, punda, mgeni. Hesabu tena. Mke hayumo. Walimu wa Maandiko hueleza, nasi tunakubaliana nao, kwamba yumo ndani ya lile neno "wewe", kwamba amri inawahutubia mume na mke pamoja kama wenye nyumba. Ila nyumbani kwetu amri haisomwi hivyo. Siku ya Jumapili baba hutoka ibadani akakaa chini ya mwembe, wageni wakaja, na yule asiyetajwa kwenye orodha akaenda kukoroga ugali wa watu kumi. Punda amepumzika. Mama bado.

Mwalimu ana likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa wa nchi hii siku zisizopungua 28 mfululizo kwa mwaka. Mama lishe hana hata moja. Asipokuja sokoni leo, wateja watahamia kwa jirani, na akirudi nyumbani kuna sufuria nyingine inamsubiri. Likizo ya mume, kwake, ni mdomo mmoja zaidi wa kulisha mchana. Tulipomuuliza mama huyu alichokipenda kule Karema, hatukusikia habari za machweo. Alisema kwamba asubuhi ya kwanza chai ililetwa mezani na yeye hakuwa amewasha moto. Alikaa akaitazama, akajisikia vibaya kidogo, kisha akanywa.

Tunaamini hiyo ndiyo hoja bora ya kutetea safari ile. Nyumbani asingeweza kupumzika, si kwa sababu mume wake ni mkatili. Nyumba yenyewe inamwita. Mtoto anaita, jirani anaazima chumvi, mkaa umekwisha. Yesu alipowaona mitume wamechoka, hata nafasi ya kula hawana, hakuwaambia wapumzike palepale. Marko 6:31 inasema aliwaita waende naye mahali pasipo na watu, nao wakapanda chombo. (Ni kweli kwamba umati uliwatangulia kwa miguu, na mapumziko yale yakaishia kwenye kugawa mikate. Hatulifichi hilo. Lakini alikuwa amekusudia wapumzike, na kusudi lake nalo limeandikwa.)

Sasa linakuja jambo linalotusumbua. Ile chai ya Karema ilipikwa na nani?

Ilipikwa na mwanamke mwingine, aliyeamka saa kumi na moja kuwasha moto ili mwenzake alale mpaka saa moja. Pumziko la mmoja limelala mgongoni mwa mwingine. Wanaokwenda pwani ya Uingereza, Unguja au Karema, wote hutandikiwa vitanda na mikono ya mtu ambaye kwa kawaida hawezi kulipia kitanda hicho. Kuna ndugu katika imani ambao kwa sababu hii huona mapumziko yote ya kulipia ni ya kifarisayo. Hatufiki huko. Mama wa gesti anaishi kwa wageni, na asipopata wageni hapumziki, analala njaa tu. Lakini amri haituachi tulipe bili tukaondoka. Aya ileile, Kumbukumbu 5, inaendelea kutoa sababu: mtumishi wako apumzike kama wewe, ukumbuke ulikuwa mtumwa katika nchi ya Misri.

Karema ni mahali pazuri pa kuusoma mstari huo. Wabelgiji walijenga ngome pale mwaka 1879, wakati misafara ya watumwa ilikuwa bado inavuka ziwa kutoka upande wa Kongo kuelekea pwani. Mwaka 1885 ngome ilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe, na misheni yao ikapokea watu waliokombolewa. Mmoja wa watumishi wake wakuu alikuwa Adrien Atiman, aliyeibwa utotoni huko Afrika Magharibi, akauzwa, akakombolewa na mapadri Algeria, akasomea udaktari Malta, kisha akawatibu watu wa Karema kwa zaidi ya miaka 60 hadi alipofariki mwaka 1956. Ndugu zetu Wakatoliki wanamheshimu sana, nasi pia. Ufukwe ambao wanandoa wetu walitembea bila haraka, wengine waliukanyaga wakiwa wamefungwa, na hawakuruhusiwa kusimama.

Wavuvi wa ziwa hili wana kitu cha kutufundisha kuhusu kupumzika bila kumtegemea mtu. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu maji yote yanang'aa, taa haiwavuti tena, na mitumbwi hubaki mchangani siku kadhaa. Watu hushona nyavu, hulala, hucheza bao, huzungumza na wake zao mchana kweupe. Hakuna aliyepitisha azimio. Mbalamwezi imewafungia kazi, na kwa kuwa imewafungia wote, hakuna anayeogopa kwamba jirani atamzidi. Hilo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Mama lishe wetu hathubutu kufunga siku moja kwa sababu wenzake hawafungi.

Lakini mwaka 2024 ziwa lilipumzishwa kwa namna nyingine. Nchi nne zinazolizunguka, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zilikubaliana kusitisha uvuvi, na upande wetu zuio lilianza tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wazaliane. Sababu ilikuwa njema. Mambo ya Walawi 25 inaagiza ardhi nayo ipewe sabato yake, na ziwa lenye kina cha mita zaidi ya 1,400 linaweza kuchoshwa vilevile. Lakini kwa mwanamke anayeishi kwa kuanika dagaa juu ya vichanja, miezi mitatu ile haikuwa sabato. Wana wa Israeli waliahidiwa kwamba mwaka wa sita ungezaa chakula cha kutosha miaka mitatu; pumziko lililetwa pamoja na mkate wake. Kumpumzisha mtu bila mkate ni kumwachisha kazi. Wanaopanga mambo haya wana nia ya kutulindia ziwa, na tunawaombea. Ila kanisa lina haki ya kuuliza kila mwaka zuio linapotangazwa: mkate wa miezi hii uko wapi?

Tukirudi kwa wanandoa wetu, jibu letu kwa wazee wa kanisa lilikuwa kwamba hawakutenda dhambi, na kwamba usharika ndio wenye deni. Tunajua namna ya kuchangia jeneza. Tunajua kulala msibani siku tatu, kila mtu na kuni zake na unga wake, mpaka mfiwa hagusi sufuria. Uwezo huo tunao, na ni mzuri, hatujauona mahali pengi. Tunautumia pale tu mtu anapokufa. Mjane wa Mpanda hupikiwa kwa siku tatu kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ndoa pale ndoa inapokwisha.

Tulipendekeza basi kwamba usharika uwe na zamu: nyumba moja ikitaka kwenda, nyumba mbili zichukue watoto, kuku na, ikiwezekana, meza ya mama lishe sokoni, ili wateja wasihame. Wasio na nauli ya ziwani wanaweza kwenda Sitalike, mwendo wa saa moja hivi, wakasimama karibu na Mto Katuma kutazama viboko. Mwezi wa tisa na wa kumi, maji yakipungua, viboko hujazana kwenye madimbwi kwa mamia, wanagombana, wanapiga miayo, wala hakuna anayewadai ahadi. Mzee mmoja aliuliza kama hilo linahitaji kuingizwa kwenye bajeti. Tukasema hapana.

Wazee walikubali kujaribu kwa wanandoa. Mpaka tunapoandika, nyumba tatu zimekwenda: moja ziwani, mbili Sitalike. Mmoja wa wanaume aliyekwenda Sitalike alirudi akilalamika kwamba hakujua la kuzungumza na mke wake mpaka saa nane mchana. Hatujui walizungumza nini baada ya hapo.

Kisha jina lililofuata kuletwa lilikuwa la wajane wawili, mtu na mdogo wake, wanaouza mchicha pamoja. Wanaomba nao wapewe zamu, wakakae Karema siku mbili. Mjumbe mmoja alisema mpango ni wa kuimarisha ndoa, na hawa hawana ndoa ya kuimarisha. Mwingine akafungua Biblia kwenye ile sura ya 14, mstari wa 29, akasoma kwa sauti, akaifunga. Sisi tumekwisha kusema upande tuliopo. Kikao kimeahirishwa hadi Jumapili ya tatu ya mwezi, na dada wale wameshaanza kuuliza bei ya nauli.